Tuliomba Maziwa Yaharibike

Juzi nilimkuta mjukuu wangu Rehema jikoni akifanya jambo ambalo hunipandisha mashetani. Alikuwa ametoa jagi la maziwa kwenye friji, limebaki robo. Akachukua maziwa mapya aliyotoka kuyanunua sokoni Kalerwe, akayamimina juu ya yale ya zamani, akarudisha jagi mahali pake na kuufunga mlango wa friji kwa nyonga, kama wafanyavyo vijana waliosoma.

Nikamwuliza, "Hayo ya chini ni ya lini?"

"Jaja," akaniita kama wajukuu wote wa Kampala wanavyotuita wazee wao, "si yalikuwa kwenye friji?"

Jibu hilo nililisikia mara ya kwanza nikiwa na umri kama wake, kwenye kiwanda cha maziwa hapa Kampala, miaka ile ya sabini ya utawala wa jeshi. Nusura limpoteze mtu. Kwa hiyo nimekaa kuandika. Mimi niliishia shule ya msingi na naandika polepole, neno moja moja, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Nyinyi mnaosoma kwa kusukuma kioo cha simu kwa kidole, pumzisheni kidole kidogo.

Kazi yangu ilikuwa kunusa. Msicheke. Nililipwa kwa pua hii hii mnayosema imekuwa kubwa.

Aliyenipa kazi ni Mama Zaituni, jirani yetu wa Kawempe, mkuu wa jukwaa la kupokelea maziwa. Mababu zake walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, na nadhani walimwachia sauti ya kuita wapagazi. Mimi nilikuwa na haya kiasi kwamba nikitumwa chumvi nilisubiri wateja wote waondoke dukani ndipo niingie. Mama Zaituni akamwambia mama yangu, "Huyu kama hasemi, nipe akanuse."

Malori yalitoka upande wa Ankole, kwa wafugaji, na madebe ya aluminiamu yamejaa maziwa. Mimi nilifungua debe moja baada ya jingine. Siri ya kwanza: hunusi maziwa, unanusa mfuniko. Harufu yote ya safari hupanda juu na kukaa chini ya mfuniko, kwa hiyo unauinua nusu, unaweka pua, unafunga. Siri ya pili: pua huchoka kama mguu. Ikichoka, nusa kiwiko chako mwenyewe upande wa ndani, ngozi tupu, nayo itaamka. Siri ya tatu, usijitie manukato, nilijifunza kwa sababu ya harusi ya dada yangu. Nilikwenda kazini kesho yake nikinukia udi, na Mama Zaituni akanirudisha kutoka getini.

"Leo madebe yote yatanukia bibi harusi," akasema. "Nenda ukaoge, mwanangu, uoge tena, halafu upumzike, halafu uoge."

Debe lililochachuka nililiweka pembeni. Lililotiwa maji lilikamatwa na kile kipimo cha kioo kinachoelea. Lililokuwa na mashaka tulichota maziwa yake kidogo tukayachanganya na spiriti, yakiganda debe linarudi kwa mwenyewe akatengeneze bongo, yale maziwa ya kuganda. Tulijiona hodari. Maziwa mabaya kwetu yalikuwa ya namna mbili tu, yaliyochachuka na yaliyotiwa maji. Namna ya tatu hatukuwa na habari nayo, kwa sababu ilikuwa inalelewa ndani kwetu, kwenye tangi.

Tangi lilikuwa la Kasongo.

Kasongo alikuwa fundi wa mitambo ya baridi, aliyekimbia vita mashariki mwa Kongo akiwa kijana na kubaki Kampala. Mafundi wa Kihindi walipofukuzwa nchini, yeye ndiye aliyebaki anajua mashine ile inataka nini. Alikuwa mfupi, nadhifu, na kofia ya sufu hata jua likiwaka. Aliipenda mashine kuliko wengine wanavyowapenda wake zao, na alipenda watu wajue hivyo.

"Angalieni, bandugu," aliwaambia madereva, akilipiga tangi kofi la mapenzi. "Hii baridi ni ya mimi. Tangi hii, ni mikono yangu tu inagusa. Maziwa ikiingia humu, inalala kama mutoto."

Kweli yalilala. Tatizo ni kwamba hayakuamka. Malori ya kusambaza maziwa mjini yalikosa matairi, yakikosa matairi yalikosa dizeli, na siku yakipata vyote viwili dereva alikuwa amekwenda kutafuta sukari. Maziwa mabichi yakakaa tangini siku juu ya siku yakisubiri zamu ya kuchemshwa na kutiwa kwenye pakiti. Mapya yakija, tuliyamimina juu ya yaliyokuwepo. Tangi halikupata kuwa tupu, na kwa kuwa halikuwa tupu halikuoshwa. Hata lingekuwa tupu, sabuni ilikuwa imehama mji. Mtu akiuliza, tulijibu kwa sauti moja: si yapo kwenye baridi?

Mmoja tu hakujibu hivyo. Huyo ni Opio, kijana wa maabara, mrefu, mpole, ambaye aliongea kama anaomba radhi. Siku moja alikuja jukwaani na kutuambia kuwa wapo vijidudu visivyojali baridi. Vile vya kawaida vinavyochachusha maziwa husinzia kwenye baridi, alisema, lakini hivi vingine huendelea kula na kuzaana, taratibu, na siku zikiwa nyingi taratibu yao inatosha.

Mama Zaituni alicheka mpaka akashika ukuta. "Vijidudu vya baridi! Vimevaa sweta, Bwana Opio? Nani anavifumia?"

Kasongo hakucheka, alikasirika. "Weye unatukana mashini yangu?"

Tangu siku hiyo Opio aliitwa Mfumaji. Akipita, wapakiaji walimwuliza sweta zimefika ngapi. Alitabasamu na kuendelea na njia yake. Nilimwonea huruma kwa sababu nami nilikuwa mtu wa kutabasamu na kuendelea na njia.

Basi siku moja nilichota kikombe tangini ili ninywe. Kilikuwa cha baridi sana, meno yangu hayapendi, nikakishika kwa viganja viwili kikapata joto. Nilipokileta mdomoni nikasikia harufu ya nanasi lililoiva kupita kiasi. Nikaonja. Mwanzo hakuna kitu, halafu nyuma ya ulimi uchungu ukaja, kama maganda ya chungwa.

Nilimwambia Mama Zaituni, kwa sauti yangu ya wakati ule.

"Umesema nini? Nanasi? Mbona afadhali, wengine wananunua." Akanusa kikombe kingine kutoka tangini, cha baridi vilevile. "Sisikii kitu. Kasongo! Huyu Pua anasema maziwa yako yana nanasi."

"Ninaongeza baridi," akasema Kasongo, akaenda kuzungusha swichi.

Hilo ndilo kosa letu, na nimelifikiria maisha yangu yote. Kitu cha baridi hakinuki. Pua zetu zilifanya kazi jukwaani, ambako maziwa yalifika na joto la safari. Tangini tulikuwa vipofu, na kadiri maziwa yalivyozidi kuharibika ndivyo tulivyozidi kuyapoza, na kadiri tulivyoyapoza ndivyo tulivyozidi kutosikia.

Waliosikia ni maofisa wa jeshi.

Kapteni mmoja alikuja Jumatatu asubuhi na gari lililojaa askari. Alikaa kambini Naguru, na kiwanda chetu ndicho kilichopeleka maziwa kwenye mesi, bwalo lao la chakula. Alipanda jukwaani na birika la chai mkononi, birika kamili, na chai ndani.

"Nani ndani ya hii kiwanda naweka sumu kwa chai ya maofisa?"

Wapakiaji wote waligundua kazi za haraka sehemu nyingine. Mama Zaituni akabaki. "Afande, sumu tena? Karibu ukae kwanza."

"Hapana kaa. Hii chai iko uchungu. Mimi naweka sukari, bado uchungu. Sukari yenyewe natafuta na jasho! Natupa maziwa, naleta ingine, nachemsha mpaka namwagika, bado uchungu. Kama hapana sumu, ni nini?" Akatazama huku na huku. "Nani nashika tangi?"

Kasongo alikuwa anatoka chumba cha mashine akifuta mikono kwa tambara. Alisikia neno moja tu, tangi, na kifua chake kikatoka mbele kama kawaida.

"Tangi? Ni mimi, Afande. Mikono yangu tu inagusa. Mutu mwingine, hapana."

Hata injini ya lori nadhani ilizimika kwa haya. Kapteni alimtazama Kasongo kuanzia kofia hadi viatu.

"Wewe Mkongo?"

"Ndiyo, Afande," akasema Kasongo, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yangu.

Nyinyi hamkuwepo, na Mungu awaepushe. Mtu akiingizwa kwenye gari la namna ile, mkewe huanza kuuliza kituo hiki na kile, na mwishowe huacha kuuliza. Askari wawili walikuwa wameshamshika mikono ile ile aliyojisifia.

Mama Zaituni akasema, "Mchukue, Afande. Ila mashine ile haimjui mtu mwingine. Kesho itasimama, na kesho kutwa mesi haitakuwa na maziwa machungu wala matamu."

Kapteni akasita. Ndipo Opio akajitokeza nyuma ya madebe, uso unamvuja jasho. "Afande, naomba radhi. Uchungu huo hautoki mkononi mwa mtu. Ni vijidudu. Vinakua kwenye baridi."

"Vidudu napenda baridi?" Kapteni akamgeukia. "Mimi hapana ona mtu napenda baridi."

"Naweza kukuonyesha, Afande. Bila huyu fundi kugusa kitu."

Nilimwangalia Mama Zaituni. Huyu ndiye aliyeuliza nani anazifuma sweta. Alimeza mate, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Bwana Opio anasema kweli, Afande. Hapa yeye ndiye anayejua." Kisha akaongeza, kwa sababu alikuwa mfanyabiashara mpaka kwenye mifupa, "Na atakachokuonyesha kifungiwe, kufuli liwe lako."

Wakafanya hivi. Lori lilikuwa limefika, na Kapteni mwenyewe akachagua debe. Opio akachemsha chupa mbili majini. Moja akaijaza maziwa mabichi kutoka kwenye debe. Maziwa mengine ya debe lile lile akayachemsha papo hapo na kuyatia kwenye chupa ya pili. Chupa zote mbili zikaingia kwenye kabati la sampuli ndani ya chumba cha baridi, Kapteni akafunga kwa kufuli lake na kuning'iniza ufunguo shingoni pamoja na filimbi.

"Ijumaa baada ya sala nafungua," akasema. "Yote ikiwa tamu, huyu naenda na mimi."

Akaacha askari mmoja, kijana mwembamba aliyeitwa Draga, amlinde Kasongo na mlango wa chumba cha baridi. Kasongo alale hapo hapo kiwandani, asiende kwake.

Kapteni alipoondoka, Mama Zaituni akamvuta Opio pembeni, nami nikafuata kwa sababu hakuna anayemfukuza mtu asiyesema. "Ijumaa yatakuwa machungu?"

"Kwa kawaida huchukua zaidi ya hapo," akasema Opio. "Yale ya tangini yalikuwa na muda mrefu."

"Zaidi ya Ijumaa?"

"Inategemea debe. Mpira wa mfuniko ukiwa mchafu, vijidudu wanakuwa wengi tangu mwanzo."

Tukaenda kulitazama debe lile. Mpira wa mfuniko ulikuwa umepasuka, na ndani ya ufa mlikuwa na uchafu mweupe, mlaini. Siku nyingine Mama Zaituni angemtafuta mwenye debe amtukane mpaka nyumba ya tatu. Siku hiyo aliubusu mfuniko, kweli nawaambia.

"Ee Mola," akasema, "miaka yote nakuomba maziwa yasiharibike. Wiki hii tu, tafadhali, yaharibike."

Tukaomba wote, kila mtu kwa dini yake. Wapakiaji waliokuwa wakimchokoza Opio walimpisha njia na kumwuliza kwa adabu, "Bwana Opio, wanaendeleaje?" kana kwamba ana wagonjwa wodini.

Aliyekuwa na kazi ngumu zaidi ni Kasongo. Opio alimweleza wazi kuwa baridi isikatike. Joto likiingia, vile vijidudu vya kawaida vitaamka na kuyachachusha maziwa, na Kapteni ataonja uchachu, siyo uchungu, na uchachu anaujua. Kwa hiyo Kasongo alitakiwa kuitunza mashine vizuri kuliko siku zote ili maziwa yaharibike inavyotakiwa.

"Mie nimetumika miaka yote kuokoa maziwa," akaniambia, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Na kumbe nilikuwa ninalisha banyama ya Opio. Sasa nibalishe tena, bila hivyo nakufa. Ndugu, hii ni kazi gani?"

Nilimletea mihogo kutoka nyumbani, naye akamgawia Draga.

Siku moja kabla ya Ijumaa mkanda wa mashine ukakatika. Mngeona nyuso. Spea ya mkanda mji mzima haikuwepo. Kasongo aliushika mkanda uliokatika, akazunguka chumba, akatazama kila kitu: kamba, magunia, mpira wa madebe. Macho yake yakatua kiunoni mwa Draga, kwenye mshipi mpana wa jeshi.

"Afande mudogo," akasema. "Unanipenda?"

"Nini?"

"Nipe mushipi."

Draga alikataa. Mshipi ni mali ya serikali, na suruali aliyopewa ilikuwa ya mtu mwenye tumbo. Mama Zaituni akaletwa. Sijui alimwambia nini, ila alianza na "mwanangu" na kumaliza na mihogo, na Draga akafungua mshipi. Kasongo akaushona kwenye mkanda wa mashine kwa waya na sindano ya magunia, haraka, ulimi nje. Mashine ikakohoa, ikazunguka. Kuanzia hapo Draga alimlinda mfungwa wake bunduki mkono mmoja na suruali mkono wa pili. Kama Kasongo angetaka kukimbia, ilikuwa nafasi nzuri. Hakukimbia. Alikuwa anasikiliza mkanda.

Ijumaa Kapteni akaja, akiwa bado na kanzu ya msikitini. Akafungua kufuli. Opio akayachemsha maziwa ya chupa zote mbili mbele yake, kila moja kwenye sufuria yake, mpaka yakapanda. Hakutaka mtu aonje mabichi, na Kapteni hakutaka kuonja wa kwanza.

"Wewe," akanionyesha kwa kidole. "Wewe ndiyo nanusa. Kunywa."

Mimi, ambaye sikuweza kununua chumvi mbele ya watu, nikasimama katikati ya kiwanda kizima. Nikachukua kikombe cha yale yaliyochemshwa siku ya kwanza. Nikanywa. Yalikuwa matamu kama ya asubuhi.

"Matamu," nikasema.

"Sisikii!"

"Matamu!"

Nikachukua kikombe cha pili, cha yale yaliyofungiwa mabichi. Kasongo alikuwa amevua kofia, anaikamua kama nguo iliyoloa. Kwanza sikuonja kitu. Nikameza, nikasubiri, na nyuma ya ulimi, taratibu, maganda ya chungwa yakafika. Sijapata kufurahia kitu kibovu namna ile. Uso wangu ulijikunja wenyewe, sikuhitaji kusema.

Kapteni akaninyang'anya kikombe, akanywa. Uso wake ukajikunja vilevile kama wangu, mdomo upande, jicho moja limefungwa. Hakuna aliyethubutu kucheka. Akarudia kile kitamu, akarudia kichungu.

"Ufunguo nakaa kwangu," akasema polepole. "Hapana mtu nagusa." Akamtazama Opio. "Iko wapi hao?"

"Ndani ya chupa, Afande. Wengi."

"Kamata hao."

"Tumeshawachemsha, Afande. Wamekufa. Ila kabla ya kufa walikuwa wameshayavunja maziwa, na walichokitoa hakiondoki kwa moto."

"Wamekufa na chai bado uchungu?" Kapteni akatikisa kichwa kwa heshima. "Hao iko hatari kushinda watu ya magendo." Kisha akamgeukia Kasongo. "Wewe. Rudi kwa mashine yako. Na wewe Draga, wapi mshipi?"

Ndipo Kasongo akacheka. Alicheka akakaa chini, akacheka machozi yakamtoka, na baada ya muda hatukujua tena kama ni kicheko.

Kapteni alituletea katoni ya sabuni, hatukuuliza ilikotoka. Tukalimwaga tangi lote kwa mara ya kwanza. Kasongo aliingia ndani yake na brashi. Karibu na bomba la kutolea, mahali ambapo jicho halifiki, alikuta utelezi kama wa bamia, umeganda ukutani. Alipomaliza kusugua, alilipiga tangi kwa spana na likalia kama kengele. Toka siku hiyo ikawa desturi. Kabla ya kumimina maziwa mapya, Kasongo anagonga. Likilia, maana yake ni tupu na limeoshwa. Lisipolia, lori lisubiri, hata dereva atukane. Na hakusema tena "mikono yangu tu". Alisema "mikono yetu", akitazama mlangoni kama askari wamerudi.

Opio alitufundisha mengi baadaye, na hakuna aliyeuliza habari za sweta. Alisema vijidudu waliotuletea uchungu walikuwa na adabu, walitoa taarifa. Wapo wengine wanaokua kwenye baridi bila kutoa uchungu wala harufu, na hao ndio wanaomdhuru mama mjamzito na mtoto mchanga. Kwa hiyo nyinyi msiitegemee pua, hata yangu. Chemsheni maziwa yakiwa mapya, msisubiri yazeeke. Yapozeni upesi, kwenye chombo kilichooshwa, na mpira wa mfuniko muutoe, muuoshe peke yake. Yanyweni mapema. Friji haiponyi kitu, inachelewesha tu.

Kasongo alizeekea hapa hapa Kawempe, ana wajukuu, akitengeneza friji zenu kwenye kibanda chake mpaka alipofariki kitandani mwake, watoto wake wote wakiwepo. Draga alipoacha jeshi alikuwa akimtembelea. Mara zote alikuwa amevaa mshipi.

Rehema alinisikiliza yote haya amesimama mlangoni, simu mkononi. Halafu akaenda kwenye friji, akatoa lile jagi, akalimwaga, akaliosha kwa maji ya moto. Alipomaliza akachukua kijiko, akanitazama kwa ile dharau tamu ya watoto wa siku hizi, akaligonga jagi.

"Jaja, limelia?"

Nikamwambia agonge tena, sijasikia vizuri. Nilikuwa nimesikia.